Meza ya Wafumaji Watatu

Mama yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo tangu usichana wake hadi siku kilipofungwa. Kama umewahi kusimama katikati ya mitambo ya kufuma, unajua kwamba humo ndani hata ukipiga mayowe ni kazi bure. Kwa hiyo wafumaji walikuwa na namna yao ya kuongea. Walitamka maneno kwa midomo tu, taratibu, bila kutoa sauti, na pale midomo isipotosha mikono ilisaidia. Mtu wa mwisho wa ukumbi aliweza kumsimulia mwenzake wa mwanzo wa ukumbi ugomvi wote wa nyumbani kwake, na nyapara akapita katikati yao asiambulie kitu.

Kila mmoja alikuwa na jina la mkono. Mama alikuwa Mrembo: unapitisha kiganja shavuni kuteremka kidevuni. Nilipokuwa mdogo jina hilo lilinichekesha, kwa sababu mama niliyemjua mimi alirudi nyumbani na vumbi la pamba kwenye nyusi. Rafiki yake mkubwa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa Bosi, na kumtaja uligonga bega kwa vidole viwili kama vile pana cheo hapo. Hakuwahi kuwa bosi wa mtu yeyote, lakini alizaliwa akitoa amri. Wa tatu alikuwa Kasuku, vidole vikifunguka na kufumba kama mdomo wa ndege, na hilo halihitaji maelezo. Mimi mwenyewe nilikuwa na jina, ila sikutakiwa kulijua. Mtu akivuta ncha ya sikio lake, basi nasengenywa.

Maana watoto hatukufundishwa lugha ile. Mama alisema ni lugha ya kelele, na yeye anazivumilia hizo kelele ili mimi nije kuishi pasipo na kelele. Sababu ya pili hakuisema, lakini haikujificha: ilikuwa raha yao kukaa uani Jumapili wakichambua mboga, watoto tumejaa, nao wanaongea mambo ya watu wazima mbele ya pua zetu. Nilijifunza kwa kukodoa macho. Nilianza kushika neno mojamoja nikiwa darasa la kwanza. Siku nilipomwona mama akimwambia Bosi kwamba kesho ananipeleka kuchomwa sindano, nilijificha chini ya kitanda cha Kasuku tangu asubuhi. Mama alisema mtoto huyu ana kitu, si bure. Mimi nikanyamaza. Nani agundue tundu la kuchungulia, halafu aende kumwambia mwenye ukuta?

Kiwanda kilifungwa, mitambo ikauzwa chuma chakavu, na wale watatu wakabaki na masikio mabovu na urafiki wao. Mama alishona mito na mashuka, akanisomesha kwa hayo. Leo mimi nafundisha watu kuendesha gari. Ni kazi ya kukaa kando ya mtu anayetaka kukuua bila kukusudia, huku ukimwambia anaendelea vizuri. Niliolewa, nikaachwa, binti yangu yuko chuoni mbali, na nyumba ninayopanga, upande wa pili wa mji, ina chumba kisicho na mtu.

Kwa miaka mitatu nilimbembeleza mama ahamie kwangu. Magoti yake yamechoka, choo chake kiko nje, na mwaka jana aliteleza uani akakaa pale pale sakafuni hadi Bosi alipokwenda kuazima chumvi. Kila nikimwambia, alikataa. Halafu mwezi uliopita, ghafla, akakubali. Nilifurahi mpaka nikashindwa kulala. Nilipaka chumba rangi, nikanunua kitanda kifupi asipate taabu ya kupanda, nikatafuta lori la kumhamisha Jumatatu. Jumamosi wenzake wakataka kumuaga, na Kasuku ndiye aliyechagua mahali pa kumuagia.

"Huo mgahawa," aliniambia, "mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu. Mjini hapa mtu mwenye akili zake ambaye hajapiga picha pale hayupo. Tumebaki sisi."

Nilijaribu kumwambia pana kelele, na wao masikio hayo. Nilikuwa nimewafikiria bustani tulivu ya hoteli moja, penye vivuli na wahudumu wa makamo. Kasuku akasema bustani atakaa akifa.

Tulifika mchana na foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Binti wa mlangoni, aliyebandika kope ndefu kama ufagio, akatuuliza kama tumeweka nafasi. Bosi alimtazama midomo, akamjibu kwa sauti.

"TUWEKE POPOTE, MWANANGU! SISI SI WAGENI WA SERIKALI!"

Wafumaji hawana sauti ya katikati. Ama midomo mitupu, ama radi. Foleni nzima iligeuka, na tukapata meza upesi sana, nadhani ili tunyamaze.

Ndani palikuwa vile ambavyo siku hizi pazuri huwa. Kuta za matofali hazijapigwa lipu, mabomba yanaonekana juu, taa zimening'inia kwenye nyaya tupu kama fundi kaenda kula akasahau kurudi. Viti vilikuwa virefu, havina migongo. Nikamwona mama anavipima kwa macho, nikaenda kugombana kidogo, tukapewa meza ya ukutani yenye kochi. Muziki ulikuwa unapigwa, mashine ya kahawa inasaga, sahani zinagongana, na kila meza inapiga kelele kwa sababu meza ya jirani inapiga kelele.

Kasuku alitazama kuta, akatamka bila sauti: "Wameishiwa saruji?"

"Ndiyo mtindo," mama akamjibu vivyo hivyo.

"Basi nyumba yangu ina mtindo tangu nilipohamia."

Na hapo wakaanza. Nilikuwa nimejiandaa kumwonea mama huruma mchana kutwa, na nikaona sina kazi. Mama yangu, ambaye kwenye harusi hukaa pembeni akitikisa kichwa kwa heshima kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji, alinyoosha mgongo, macho yakapata uhai, midomo ikakimbia. Bosi akamdakia. Kasuku akawakatiza wote wawili. Kelele ile ilikuwa kelele yao, walikulia humo. Vijana waliotuzunguka walikuwa wanainamiana masikioni: "Eti?" "Umesema?" "Rudia, sijasikia!" Halafu wanakata tamaa, kila mmoja anarudi kwenye simu yake. Katika ukumbi mzima, meza iliyokuwa na mazungumzo ni ile ya vikongwe.

Mhudumu alikuja, kijana mpole wa aproni nyeusi, akawatazama kwa muda, akaamua kwamba hawa mama ni viziwi wasiosema. Hakuniuliza mimi. Alitoa karatasi yake akaandika kwa herufi kubwa: KARIBUNI SANA. MNAPENDA KUKU AU SAMAKI?

Kasuku akampokonya kalamu, akaandika chini yake: WEWE UNGEKULA NINI?

Kijana akafikiri. Akageuka kutazama jikoni, akainama, akaandika haraka: SAMAKI. KUKU NI WA JANA.

Tukaagiza samaki. Bosi aliikunja ile karatasi akaitia kwenye mkoba, akasema hajawahi kuhudumiwa na mtu mkweli hivi tangu azaliwe.

Vinywaji ilibidi mtu aende kuvifuata mwenyewe kaunta, ndivyo utaratibu wao ulivyo, nikaenda mimi. Foleni haikusogea. Nilisimama nikitazama watu wanavyopiga picha chakula kinapoa, nikachoka kuwatazama, nikageukia meza yetu. Kasuku alikuwa amefichwa na nguzo. Bosi alikuwa amenipa mgongo. Mama alikuwa uso kwa uso na mimi, chini ya taa mojawapo ya zile za nyaya, namwona kama niko mbele yake. Naye akavuta ncha ya sikio lake.

Ningeweza kutazama pembeni. Sikutazama.

"Ndiyo, Jumatatu," mama alikuwa akisema. "Lori limeshapatikana."

Bosi akauliza kitu. Niliona mabega yake tu.

"Sitaki," mama akasema. "Nani anataka kung'olewa uzeeni? Lakini nitakwenda."

Mabega ya Bosi yakauliza tena.

"Magoti? Magoti ni yangu, tumeshazoeana. Siendi kwa ajili ya magoti. Sikiliza. Mwezi uliopita nilikwenda kwake bila kumwambia. Mlango ulikuwa wazi. Nikamkuta jikoni anakula amesimama, sahani iko juu ya jiko, redio imefunguliwa hadi mwisho, hata mimi naisikia. Mtangazaji kasema habari za jioni, wasikilizaji. Na yeye, mwanangu, nikamwona midomo inaitikia. Nzuri, akasema, za kwako. Nikarudi nje nikapiga hodi upya kama vile ndiyo kwanza nafika."

Nakumbuka siku hiyo. Nakumbuka alivyopiga hodi kwa nguvu.

"Sasa nitamwachaje?" mama akasema. "Ana upweke yule, na hajui kama anao. Anadhani ananihurumia mimi. Nimwache adhani hivyo."

Nilikasirika, na sitaki kujipamba. Damu ilinipanda kichwani pale pale kwenye foleni. Mimi ni mtu mzima, nina kazi, nina gari, nina binti chuoni, nimezunguka maduka kutafuta rangi ya chumba inayopumzisha macho ya mzee, kumbe mzee ndiye anayenihurumia. Nilitaka kurudi mezani nimwambie abaki na choo chake cha nje. Kijana wa nyuma yangu akaniambia, "Dada, unasogea au unaomba dua?" Nikasogea. Nilipogeuka tena, Bosi alikuwa ameshauliza swali jingine, na mama alikuwa anacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Mimi? Nitaongea na nani huko? Nitanyamaza. Yule haongei na mtu, anaongea na kioo cha gari. Amezoea kazi yake. Anasema huku anatazama mbele. Hata jikoni ananigeuzia mgongo, anasema na vyombo. Nikimwambia sijakupata, anapiga kelele, halafu anaomba radhi kwa kupiga kelele, halafu namwona amechoka. Kwa hiyo siku hizi simsumbui. Naitikia tu."

Akatikisa kichwa mara mbili kumwonyesha Bosi anavyoitikia, ile ndiyo, ndiyo yake, na nikaijua. Naipokea kila tukionana. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba mama yangu uzeeni amekuwa mpole, hana ubishi.

Hasira iliniisha. Ni kweli. Kazi yangu ni kusema bila kugeuka, kwa sababu ukigeuka utagongwa, na nimekuwa hivyo hivyo hata nyumbani. Na mwanamke yule hasikii ila kwa macho. Nimejua kumsoma tangu meno yangu ya utoto hayajang'oka, najua anasema nini hata akiwa mwisho wa uwanja, na yeye sijawahi kumgeuzia uso wangu anisome. Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyoachwa na mume.

Nilirudi na vinywaji, vimetiwa kwenye magudulia ya vioo yenye mikono. Mama akanitabasamia. "Pole na foleni, mwanangu," akasema kwa sauti, akiipima isiwe kubwa.

"Asante," nikajibu, na nikagundua nimeijibu trei.

Samaki walikuja juu ya vipande vya ubao. Bosi akageuza ubao wake akiutafutia sahani. Wakala, wakasifu. Mimi nilikuwa nachokonoa tu. Kasuku, ambaye hakuna kinachompita, akamtazama Bosi, akavuta sikio lake. "Huyu kanuna," akatamka bila sauti, wazi kabisa, mkono mmoja kutoka usoni kwangu. "Kuna mtu kamtibua kule kaunta?"

Nikaweka uma chini. Nikamgeukia mama, nikasubiri hadi macho yake yakafika kwangu. Midomo ilikuwa mizito, maana lugha ile nilikuwa naijua kwa kuisoma tu, sijawahi kuitamka mbele ya mtu.

"Mama," nikasema bila sauti. "Nimekuona ukiongea."

Mkono wa Kasuku ulibaki hewani na kipande cha samaki.

"TANGU LINI?" Bosi akangurumisha, na mgahawa mzima ukatutazama.

"Tangu darasa la kwanza."

Kasuku alijiziba mdomo kwa mikono miwili, samaki na yote. Ungeweza kuwaona wanavyorudi nyuma mwaka hadi mwaka, wanakagua kila Jumapili ya uani, kila siri, kila jina la mtu.

"Hata ile ya mume wako?" Kasuku akauliza kupitia vidole vilivyoachana kidogo.

"Mlimwita Kiatu cha Kuazima."

"Tulisema hatadumu," Bosi akakumbuka.

"Siku ya posa mlisema. Mko jikoni kwetu, mimi nimeshika trei ya soda."

"Na hakudumu," akasema Bosi, si bila fahari.

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Bosi akacheka, Kasuku akacheka mpaka akapaliwa ikabidi apigwe mgongoni, na yule mhudumu akaja mbio na maji, akakuta viziwi wake wanapiga kelele, akasimama ameduwaa na bilauri mkononi.

Mama hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeishi nyumba moja maisha yake yote, leo ndiyo anaona ina chumba kingine.

"Umeona yote?" akaniuliza.

"Ya upande wako yote."

"Na ya jikoni kwako, ya redio?"

"Na ya jikoni."

Akatazama ubao wake. Akatoa miba kwenye mnofu, taratibu, akauweka kwenye ubao wangu, kama nilipokuwa mtoto.

"Usihame kwa ajili yangu, mama," nikamwambia. "Mimi nitakuwa salama."

Akanionyesha kwa kidole: kula. Mama yangu hasukumwi. Akitaka kujibu atajibu, na asipotaka unaweza kukaa hapo mpaka meza ifutwe.

Bosi ndiye aliyenigusa mkono. Alihakikisha namtazama kabla hajaanza. "Mimi ndiye niliyemwambia akubali," akasema kwa midomo. "Usije ukadhani nilimzuia. Nilimwambia nenda, mtoto ni mtoto." Kidevu chake kikatetemeka, akakitia kwenye gudulia la juisi na kunywa muda mrefu kuliko kiu. Ukuta wa nyumba yake na wa mama ni mmoja, na wanaugonga asubuhi kuulizana kama wameamka. Sikuwa nimewahi kumfikiria Bosi katika hesabu zangu za kuhama.

Jua lilikuwa bado kali tulipotoka. Niliwapakia wote kwenye gari la shule ya udereva, lile lenye kibao juu ya paa. Kasuku na Bosi walikaa nyuma, mama mbele kando yangu. Wale wa nyuma walianza kuongea midomo mitupu kama kawaida yao, halafu Bosi akanyanyua macho akakutana na yangu kwenye kioo cha kati. Akamtandika Kasuku paja. Tangu hapo waliongea wamejikinga kwa mikoba, kama watoto wanaonakili mtihani.

Mimi nilikuwa na mengi ya kusema na nikaona nisipoyasema njiani sitayasema tena.

"Mama, lori tutaliahirisha," nikaanza. "Tukae kwanza tufikirie. Mimi sikujua kama hutaki, ungeniambia tu, mimi si mtu wa kulazimisha. Tunaweza kutafuta hata mtu wa kukusaidia pale pale, na choo tukaangalia namna..."

Mbele yetu palikuwa na baiskeli, mkokoteni wa maji, mtu anavuka na mwavuli. Nilivipita vyote nikiongea.

"Ndiyo," mama akasema. "Ndiyo, ndiyo."

Niliisikia, na bado sikunyamaza. Mazoea ni mabaya. Nikaendelea kueleza habari za fundi wa mabomba ninayemfahamu, na hapo ndipo gari liliposimama. Halikusimamishwa na mimi. Gari la shule lina breki mbili, moja ya dereva na nyingine upande wa pili, ambako kwa kawaida nakaa mimi nikisubiri mwanafunzi akosee. Mama alikuwa ameikanyaga. Tulikuwa mwendo wa pole, lakini Bosi alikuja na kichwa chake hadi kwenye kiti changu, na mkoba wa Kasuku ukamwaga kila kitu.

"Kaa pembeni," mama akasema kwa sauti.

Niliwasha taa ya kuashiria, nikaegesha mbele ya duka la magodoro, nikazima injini. Nikageuka, mwili mzima, mgongo kwenye mlango. Ndani ya gari palikuwa kimya sasa, hapakuwa na haja ya kuficha sauti wala kushindana na kelele, lakini mama alisema kwa midomo tu, na mimi nikamjibu hivyo hivyo.

"Unataka nije kwako?"

"Magoti yako, mama, na pale uani unavyoteleza..."

"Sijakuuliza magoti."

Nikatazama mikono yangu. Akanigusa goti, nikanyanyua uso.

"Nataka," nikasema.

"Kwa nini?"

Neno hilo lingenikwama kooni, najua, kwa sababu lilishanikwama mara nyingi. Bila sauti lilipita. "Kwa sababu nikifungua mlango jioni hakuna mtu. Nawasha redio kabla sijawasha taa. Nimechoka, mama. Nina upweke."

Mama alitikisa kichwa, si ile ya kuitikia. Alikuwa amenipata.

"Haya," akasema. "Tupange vizuri. Mimi nina Bosi ukutani. Nina Kasuku mtaa wa nyuma, hata nikimfukuza haondoki. Mimi nina upweke?"

"Huna."

"Mwenye upweke nani?"

"Mimi."

"Sasa kama mgonjwa ni wewe, mbona dawa ninywe mimi? Nihame mimi kwa nini?"

Sikuelewa. Niliyesoma kuliko wote garini sikuelewa. Aliyeelewa ni Bosi, aliyekuwa ameingiza kichwa katikati ya viti akisoma midomo yetu bila aibu yoyote.

"CHUMBA CHA MBELE KIKO WAZI!" akapasua, na mwenye duka la magodoro akatoka nje kuangalia kuna nini.

"Na choo utajenga ndani," mama akaongeza, "maana mshahara unao wewe."

Nilikuwa na sababu za kukataa, tena nyingi na nzuri. Wanafunzi wangu wengi wako upande ule wa mji. Mkataba wa nyumba. Binti yangu akirudi likizo. Na watu watasemaje, mwanamke mzima, mwenye mtoto chuoni, anarudi kwa mama yake na masanduku? Nilianza kuzitaja, ya kwanza, ya pili, na nilipofika ya tatu nikajikuta naitazama barabara. Nilikuwa nimeshageuka mbele, nakieleza kioo.

Nikarudisha uso. Mama alikuwa anasubiri. Hakuwa ameitikia hata moja.

"Nitakuja," nikamwambia.

"Rudia."

Nikarudia, polepole, nikimtazama.